Nusu Kidole

JUMATANO, SAA 10:00 ALASIRI

Mjomba aliufunga mlango kwa mkono wake mwenyewe, akautikisa mara mbili, ndipo akageuka.

Chumba kilikuwa nyuma ya karakana ya glavu. Meza moja ndefu. Cherehani mbili. Marobota ya kitambaa cheusi mpaka darini, na harufu ya gundi iliyokaa kooni. Watu wanne, na hakuna aliyempa mwenzake mgongo.

"Jumamosi," Mjomba akasema. "Saa sita na nusu mchana. Dakika ishirini. Ya ishirini na moja haipo."

Akatandaza karatasi mezani. Mchoro wa kalamu ya risasi: jengo la mfanyabiashara wa vito, ukumbi, ngazi za kushuka, ujia mrefu. Mwisho wa ujia, chumba cha chuma. Mwaka mmoja uliopita waliingia chumba kile wakasafisha kabati la kwanza. Walitoka na mfuko mmoja wa mawe. Walitoka pia wakiwa pungufu ya mtu mmoja.

Mtu huyo alikuwa kaka yake Sindano.

Sindano alisimama kando ya cherehani, mikono mifukoni. Karakana ilikuwa yake. Walimwita Sindano kwa sababu ya kazi, na kwa sababu ya ulimi. Huyu Mjomba naye, kwa wengine lilikuwa jina la heshima tu, la mkubwa wa genge. Kwake lilikuwa damu: mdogo wa mama yake, tumbo moja.

Mjomba akaweka kidole cha shahada juu ya mchoro. Mkono wa kulia. Kando yake kikafuata kipande, nusu ya kidole cha kati, kilichoishia kwenye kifundo. Mashine ya kukatia karatasi ilikula nusu nyingine alipokuwa na miaka kumi na miwili.

"Koplo. Sema."

Koplo alikuwa mlinzi wa jengo lenyewe, ana miezi minane kazini. "Jumamosi ofisi inafungwa saa sita. Robo saa baadaye tunabaki wawili, mimi na mwenzangu wa getini. Huyo akishafungua redio kusikiliza mpira, hata umvue viatu hajui. Nazima taa za ujia. Nazima kamera, nasingizia umeme. Namba mpya za mlango ninazo."

"Ulizipataje?"

"Mwenye mali anazisema kwa sauti akizungusha. Yule mzee hata akipiga mswaki anajisimulia."

Breki akacheka peke yake. Breki alikuwa dereva, mtu wa mwili mkubwa na sauti ndogo.

"Ndani kuna jicho darini," Koplo akaendelea. "Mwanga wowote, hata wa njiti ya kiberiti, king'ora kinalia pale na kituo cha polisi. Kwa hiyo ujia giza, ndani giza. Kila kitu ni kupapasa."

"Ndiyo maana tuna mikono ya Vidole," Mjomba akasema.

Vidole. Ndivyo walivyomwita Kaka. Sindano hakupepesa jicho.

"Sasa mlango," Koplo akasema. "Unajirudi wenyewe. Ukiuachia, ndani ya dakika moja umejifunga, wala husikii. Na kwa ndani hakuna mshikio. Kwa hiyo ukiingia tu, kwanza komeo la nyuma ya mlango, ndilo linaloushika. Unalisukuma chini mpaka..."

"Juu," Mjomba akamkatiza.

"Juu?"

"Juu mpaka ling'ate. Nimelisukuma mara mia mbili."

Koplo akakuna kidevu. "Mimi nadhani lile linashuka, mkubwa. Siku ya usafi niliona kama..."

Mjomba akageuza shingo polepole. Hakumtazama Koplo. Alimtazama mpwa wake.

Sindano akamgeukia Koplo. "Ulilishika?"

"Mimi? Hapana. Niliona kwa mbali."

"Mbali gani?"

"Nilikuwa pale ngazini."

"Basi uliona ndoo na fagio. Kaka yangu alilishika. Waliomwita kutia vitasa mafuta ni wenye jengo wenyewe, na alikuwa na glavu zangu mikononi. Kila alichokigusa kimo." Akalipiga teke sanduku la glavu lililokuwa chini ya meza. "Kama una bora kuliko hizi, leta."

Mjomba akaendelea kumtazama. Sekunde moja. Mbili. Kisha akatabasamu.

"Koplo, macho ya ngazini na mikono iliyoshika chuma. Ungekuwa wewe, ungeamini kipi?"

"Mikono."

"Mikono," Mjomba akasema, akakunja karatasi. "Breki, gari nyuma, injini imezimwa. Mpwa wangu, juu ya ngazi. Mlangoni hasimami mtu. Yeyote. Nikikuta mtu karibu na mlango ule, nitajua alilokusudia."

Hakuna aliyeuliza kwa nini. Sindano alijua. Mtu aliyewahi kumfungia mwenzake hasahau jinsi ilivyo rahisi.

ALHAMISI, SAA 3:15 ASUBUHI

Kwa macho zilikuwa glavu nyeusi za kawaida, nene kidogo. Ndani ndiko kulikokuwa na kazi.

Ncha ya kila kidole ilikuwa na vifuko vidogo vya hewa, vidogo kama punje ya mtama, vinavyojaa na kunywea. Mgongoni mwa kila kidole ulipita uzi wa chuma mwembamba uliozuia kidole kisikunjike zaidi ya umbo la kitu. Ukivaa miwani ukaona kikombe ambacho hakipo, ukakikamata, vifuko vinajaa, nyuzi zinakaza, na mkono unaapa kuwa kikombe kipo. Kiganjani kulikuwa na kisanduku kilichoendesha yote hayo. Sindano alizishonea shule za ufundi: wanafunzi walijifunza kuchomelea vyuma bila moto, na wauguzi kutafuta mshipa bila mgonjwa.

Jozi za Kaka zilikuwa na ziada. Zilinasa pia. Alichokigusa aliyezivaa, wa pili aliweza kukigusa baadaye, hata kwa jozi nyingine.

"Tena," Mjomba akasema. Alikuwa ameketi katikati ya chumba, miwani usoni, na miwani haikuonyesha kitu. Giza tupu, kama huko waendako.

Sindano akabonyeza. Mkono wa Mjomba ukanyanyuka. Glavu zilimsukuma kidogo huku, zikamvuta kidogo kule, jinsi mwalimu anavyoongoza mkono wa anayejifunza kuandika. Komeo: juu, ling'ate. Hatua saba kushoto. Kabati la pili. Kufuli lisilo na namba, vitufe kumi na viwili vya kuhisi kwa ncha za vidole, kila kimoja na uzito wake. Bila glavu Mjomba alikuwa amelijaribu kwa wiki mbili, akalitukana kwa wiki mbili. Kwa glavu alilifungua kwa dakika nne.

"Unajua," akasema, akivua miwani, "kuna wakati nasikia kabisa ni yeye. Amenishika mkono. Alikuwa na mkono mpole, yule kijana."

"Alikuwa nao," Sindano akasema.

"Angenisikiliza siku ile angekuwa hapa. Nilimwita. Tamaa ikamrudisha ndani."

"Ndivyo ulivyotuambia."

"Na mama yako namsifu. Amelipokea hilo kiume."

Sindano akainama kukusanya nyaya, maana uso wake haukuwa wa kuonwa wakati ule.

Mama alikuwa amelipokea hivi: mbele ya kaburi, Mjomba alimwambia kuwa mwanawe aliwaacha wenzake akarudi kunyakua vya ziada, na mlango ukajifunga. Mjomba ndiye aliyetupa udongo wa kwanza. Tangu siku hiyo Mama hakulitaja jina la mwanawe. Picha yake aliigeuza ikatazama ukuta. "Wizi nilikwisha kuumeza," alisema mara moja tu, "lakini kuwageuka ndugu zake, hapana."

Na wiki mbili baada ya mazishi Sindano alipewa mfuko wa vitu vya marehemu. Mkanda. Funguo. Tochi ndogo iliyozungushiwa utepe wa buluu. Na glavu. Mjomba aliziona siku ya kazi akadhani ni za kuficha alama za vidole tu. Hakujua kuwa Kaka siku ile alivaa zile zinazonasa, kwa sababu alitaka dada yake aje aguse kabati la pili.

Sindano alizivaa peke yake, asubuhi moja, jua likiingia dirishani. Aligusa mfuko wa mawe ukitoka kwenda kwa mtu wa nje. Aligusa ukingo wa mlango, baridi, vidole vinne vikiung'ang'ania. Halafu mkono mwingine ukaja juu ya vidole vyake. Haukuvuta kumtoa. Ulianza na kidole kidogo, ukakibandua. Kikafuata cha pete. Mkono uliokuwa ukimbandua ulikuwa na gumba, shahada, cha pete, kidogo. Na katikati yake nusu.

Alivua glavu, akatoka nje. Akarudi, akavaa tena. Alikaa nazo mpaka mwisho, kwa muda wa saa nne na dakika kumi na mbili, mpaka betri ilipokata.

Angemwambia Mama siku ileile. Lakini alimjua Mama. Angemwita mdogo wake mezani amuulize, naye angekuja na uongo mpya na leso ya kumfuta machozi, na kesho yake angekuwa ametoweka. Kwanza anaswe Mjomba. Mama baadaye.

Hivyo Mjomba alipokuja miezi tisa baadaye kuuliza kama mikono ya Vidole imehifadhiwa, Sindano alimwambia karibu.

Na sehemu ya komeo aliigeuza. Usiku kucha hakuhitaji. Ilimchukua muda wa kuchemsha chai.

JUMAMOSI, SAA 6:12 MCHANA

Gari lilikuwa la kubebea fanicha. Breki mbele. Nyuma, Mjomba juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono mbele, na Sindano amepiga magoti na uzi mdomoni.

"Hiyo mikanda ya mkononi haitoshi?" Mjomba akauliza.

"Juzi ilihama mara mbili. Ikihama unaugusa uongo. Nashona kwenye mkono wa koti, isitikisike."

"Unanishona kama maiti."

"Maiti hawalalamiki."

Breki akacheka mbele. Mjomba akacheka pia, kicheko kifupi cha pua. Alikuwa anatoka jasho chini ya masikio.

Sindano alipitisha sindano, akavuta. Mshono wa kurudi nyuma, ule wa viatu. Mkono wa kulia, mkono wa kushoto. Kidole cha kati cha glavu ya kulia alikikata akakifunga pale kifundo kilipoishia. Aliujua mkono ule kuliko mwenyewe.

"Mifuko," akasema.

"Nini?"

"Una kiberiti? Simu? Kitu chochote cha mwanga?"

Mjomba akampa kiberiti cha gesi na simu. Sindano akampapasa mifuko ya koti moja baada ya nyingine kuhakikisha. Wa kulia ulikuwa mtupu. Alipoutoa mkono wake, mfuko haukuwa mtupu tena.

"Safi," akasema.

Mjomba akamshika kidevu kwa glavu. "Tukitoka hapa, nitamjengea mama yako chumba cha pili. Kaka yako alitaka kufanya hivyo."

"Atafurahi, Mjomba."

SAA 6:31

Koplo alifungua mlango wa nyuma, akawapisha. Kutoka getini ilisikika redio, na watu wengi wakipiga kelele kwa ajili ya goli.

Walishuka ngazi. Kwenye ngazi ya juu Sindano akasimama, kama alivyoamriwa. Chini yake ujia ulikuwa mweusi tii. Nje kulikuwa na jua kali la mchana na humu mtu asingeona kiganja chake.

Nyayo za Mjomba zikaenda. Zikakoma. Namba zikazungushwa, tik, tik, tik. Usukani wa mlango ukagugumia.

SAA 6:34

Alihesabu.

Sasa ameingia. Sasa mkono uko nyuma ya mlango. Juu. Kimeng'ata kitu kidogo, kifungo kinachouachia mlango badala ya kuushika, na vifuko vya gumba vimejaa kumwambia vema.

Sasa hatua saba. Moja. Mbili.

Hakuna sauti iliyokuja. Alingoja dakika nzima na robo yake. Halafu akafanya lile alilokatazwa. Alishuka, akapapasa ukuta wa ujia mpaka mwisho, akanyoosha kiganja.

Chuma. Kimefunga, baridi, sawasawa na ukuta.

Alikuwa amejiandalia maneno ya kusema pale mlangoni. Kwa mwaka mzima aliyapanga, akiyabadilisha akiwa anashona. Sasa yote yalionekana marefu. Akageuka, akapanda ngazi.

Koplo alikuwa juu, macho yamemtoka. "Yuko wapi?"

"Washa kamera saa sita na hamsini. Si kabla. Kisha nenda nyumbani kwenu, usipitie popote."

"Dada, mkubwa yuko wapi?"

"Ulikuwa sahihi," Sindano akasema. "Linashuka."

SAA 6:39

Alipanda mbele, kiti cha kando. Breki akawasha injini, akatazama nyuma, akangoja.

"Mjomba?"

"Amebaki ndani."

Mkono wa Breki ukaganda kwenye ufunguo. Mwaka jana, gari jingine, kiti kilekile. Mjomba alipanda na mfuko wa mawe mapajani, akasema maneno hayohayo mawili.

"Mlango ulijifunga?"

"Si ndivyo hujifunga?"

Breki alizima injini. Alikuwa rafiki ya Kaka tangu wakivaa kaptula. Walikuwa wamevunjana meno na wakapatana. "Dada. Zungumza na mimi vizuri."

"Kaka hakurudi ndani kwa tamaa. Alikuwa anatoka. Nadhani Mjomba alisikia nyayo ngazini, akaona kuusubiri mwili mmoja utoke ni sekunde tano nyingi mno. Alimbandua vidole, kimoja kimoja."

"Umeyajuaje?"

"Nimeushika huo mkono, Breki. Kaka alikuwa na glavu zinazonasa. Vidole vinne na nusu."

Mtaani watu walipita na mifuko ya sokoni. Mwanamke mmoja aligonga bodi ya gari akauliza kama wanahamisha fanicha; Breki akamwambia leo tumefunga.

"Sasa hivi Mjomba anasikia nini?" Breki akauliza mwanamke alipoondoka.

Sindano akatazama saa ya mkononi. Hakuhitaji kufikiri. Aliijua njia ile kama mtu anavyoijua njia ya chooni kwao.

"Amefika kwenye kabati. Amengoja mkono umwongoze kwenye vitufe. Haukumwongoza. Badala yake amesikia ukingo wa mlango, vidoleni mwake, na yuko hatua saba kutoka mlangoni." Akanyamaza. "Sasa kidole kidogo. Kinabanduliwa. Cha pete."

"Anajua ni mkono wa nani?"

"Ukikaa nao miaka hamsini, utaacha kuujua?"

SAA 6:42

"Sasa anapiga mlango. Kaka alipiga kwa ngumi, halafu akaacha. Halafu alipapasa kuta zote nne. Halafu alikaa chini."

"Simulia polepole, Dada."

"Akaanza kugonga sakafu kwa kidole. Mbili, moja. Mbili, moja. Tulipokuwa wadogo tulilala vyumba vinavyogusana. Mbili, moja, maana yake: umelala?"

Breki akafunika uso kwa mikono yake mikubwa.

"Atakufa humo?" akauliza kutoka ndani ya mikono. "Hewa ya humo haizidi jioni."

"Ana tochi."

"Tochi?"

"Ya Kaka, ile yenye utepe wa buluu. Nimemtia mfukoni. Baada ya kugonga, mkono wa Kaka uliingia mfukoni, ukaishika. Glavu zitampeleka hapohapo."

Breki aliinua kichwa. Ilimchukua muda, kisha Sindano aliona jambo likimfikia. "Akiwasha, king'ora."

"Akiwasha, wanakuja kumtoa."

"Vidole alikuwa na tochi siku ile?"

"Mkononi. Gumba juu ya swichi."

"Si angewasha tu! Wangemkamata, lakini angetoka mzima!"

"King'ora kingelia, na Mjomba alikuwa bado ndani ya jengo. Kaka hakujua kama ameshatoka. Mlango ulipokuwa unafungwa, Mjomba aliugonga mara tatu kutoka nje. Nimeusikia huo mtikiso. Kwenu mara tatu ni nini?"

"Nakuja," Breki akasema kwa sauti yake ndogo. "Tulia, nakuja."

"Basi alitulia. Saa nne na dakika kumi na mbili, gumba kwenye swichi. Akimngoja mjomba wake."

Redio ya getini ilisikika mpaka pale walipo. Mtangazaji alikuwa anakimbia na mpira.

"Na huyu asipowasha?" Breki akauliza.

"Kaka hakuwasha."

Wakakaa. Sindano aliweka mikono juu ya magoti. Alikuwa ametarajia mwili wake ungetetemeka, au ungecheka. Ulikaa tu. Alitazama mshale wa sekunde ukizunguka, akaona kuwa hakuna kitu alichokuwa akikitaka duniani zaidi ya kujua. Mtu yule angeweza kukaa gizani kwa ajili ya nani? Koplo yuko ndani. Mpwa wake, kwa anavyojua yeye, yuko juu ya ngazi anamngoja. Damu yake. Akiwasha, huyo wa ngazini ndiye wa kwanza kukamatwa.

Dakika ya tisa. Ya kumi.

SAA 6:45

King'ora kililia.

Kilipasua mtaa mzima. Mbwa wakajibu. Getini redio ilizimwa, na mlinzi wa mpira akatoka mbio akiwa na kiatu kimoja.

"Kumi na moja," Sindano akasema.

Breki aliwasha gari. Hakukimbia, aliendesha kama mtu mwenye makabati nyuma yanayoweza kukwaruzwa. Kwenye kona ya pili walipishana na magari mawili ya polisi. Breki alisogea pembeni, akayapisha kwa adabu.

SAA 12:30 JIONI

Mama alikuwa ameketi jikoni bila kuwasha jiko. Simu ilikuwa mezani mbele yake.

"Wamemkamata mdogo wangu," akasema. "Mulemule. Wanasema alikuwa amekaa sakafuni na tochi imewaka, anajing'ata mikono ajivue glavu. Wanasema alipowaona aliwaambia walio nje ni kina nani kabla hawajamuuliza. Amekutaja wewe."

"Najua atanitaja."

"Watakuja."

"Najua, Mama. Ndiyo maana nimekuja kwanza."

Sindano akaweka sanduku mezani, akatoa glavu. Mama alizitazama kama anayetazama nguo za maiti.

"Hizo ni zake."

"Ni zake. Leta mikono."

"Sitaki mambo ya..."

"Mama. Mara moja tu."

Mikono ya Mama ilikuwa midogo, glavu zilimpwaya. Sindano alikaza mikanda, akabonyeza kisanduku, akakaa mkabala naye.

Mama alishtuka kwa ule ukingo wa chuma. Alikunja vidole, akaushika. Halafu uso wake ukabadilika. Kidole kidogo kilinyanyuka mezani bila yeye kutaka. Kikafuata cha pete. Aligeuza kichwa upande, macho yamefumba, jinsi anavyofanya anapopima chumvi. Alikuwa na miaka kumi na sita siku ya mashine ya karatasi. Ndiye aliyekifunga kile kidole kwa kitambaa cha kichwani, na ndiye aliyekifungua na kukifunga tena, kila asubuhi, miezi miwili.

"Huyu ni mdogo wangu," akasema.

"Ndiye."

"Ananisukuma."

"Anamsukuma Kaka."

Mama hakulia. Alingoja. Ngumi zikapita, kuta zikapita. Kidole chake cha shahada kikaanza kugonga meza: mbili, moja. Mbili, moja. Kisha kiganja kikakunjika kukamata kitu chembamba, cha mviringo.

"Hii ni nini?"

"Tochi."

"Kwa nini haiwashi? Mbona anaishika tu?" Gumba lake lilikuwa juu, limetulia. "Mwanangu, washa."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa mwaka mzima kumwita hivyo.

"Alikuwa anamngoja mjomba wake," Sindano akasema.

Nje gari lilisimama. Milango miwili ikafunguliwa, ikafungwa. Sindano akainuka, akanyoosha sketi, akanyoosha mkono kuzizima glavu.

Mama akauvuta mkono wake kifuani, na kile kisichokuwepo ndani yake.

"Usinivue kwanza," akasema.